Laki na nusu ya mbizi: anza na miwani

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba Jumamosi unakwenda kuzamia, atakuuliza meli gani. Neno limeshachukuliwa na vijana wanaojificha kwenye mashehena bandarini, hatuwezi kuwanyang'anya. Mimi nasema kupiga mbizi kwa pumzi moja: unavuta hewa juu ya maji, unashuka bila mtungi, unaangalia ulichokifuata, unapanda. Kwa sababu hakuna mtungi wala injini, watu wanadhani hakuna gharama. Ipo, na mimi nimeilipa mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa miwani ya bwawani, ile midogo ya kuogelea. Nilishuka nayo kwenye mwamba wa kisiwa cha Mbudya, mita sita hivi, nikahisi macho yanavutwa kama kokwa ya embe mdomoni mwa mtoto. Niliporudi nyumbani mama aliniangalia kwa muda, akauliza taratibu nimeanza lini kuvuta bangi. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka damu, na ulikaa hivyo karibu wiki mbili. Ofisini nilivaa miwani ya jua.

Sababu yake ni rahisi. Ukifika mita 10, shinikizo ni maradufu ya lile la juu, na hewa yoyote uliyoifungia inasinyaa na kubaki nusu. Hewa ya ndani ya miwani ikisinyaa unatakiwa uiongezee, na njia ya kuiongezea ni kupuliza kidogo kwa pua. Miwani ya bwawani imeiacha pua nje. Huna pa kupulizia, basi kinachovutwa kuziba pengo ni macho yako. Kwa mbizi, miwani isiyofunika pua haifai, iwe ya bei gani.

Kosa la pili lilikuwa seti. Miwani, mrija wa kupumulia na mapezi mafupi ya miguuni, vyote ndani ya mfuko mmoja wa wavu, bei ya kirafiki. Nilijiona mjanja. Safari ya pili miwani ikawa inaingiza maji pembeni mwa pua, na mapezi yananimenya visigino. Duka silitaji, na kusema kweli hawakunidanganya: seti inatengenezwa kwa uso wa mtu yeyote, na uso wangu si wa mtu yeyote.

Kwa hiyo leo mtu akiniambia ana laki na nusu na anataka kuanza, jibu langu ni moja: nusu ya hela hiyo, au zaidi, iende kwenye miwani. Kitakachobaki kigawane vilivyobaki, na vingine visipate hata shilingi. Najua wapo watakaobisha kwamba mapezi ndiyo yanayokupeleka chini. Sawa, lakini mtu anayevujiwa hafiki chini hata awe na mapezi ya aina gani. Anatumia pumzi yake yote kupuliza maji yatoke kwenye miwani.

Na miwani hainunuliwi kwa macho. Ukiwa dukani, ule mkanda wa nyuma uache. Bandika miwani usoni, ondoa nywele zote zilizonaswa pembeni, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mikono na uiname. Ikishika, ibane pumzi hiyo na uhesabu hadi kumi. Kisha cheka. Sisemi mzaha, cheka kabisa, maana mkunjo wa mashavu ndio unaofungua njia ya maji. Muuza duka mmoja Kariakoo aliniangalia nikiwa nimeinama na miwani usoni, mikono hewani, nacheka peke yangu, akamwita mwenzake aje kushuhudia. Nilijaribu sita. Ya tano ilishika, na haikuwa ya bei ya juu kuliko zote.

Mengine ya kuangalia ni machache. Ule mpira unaokaa usoni uwe wa silikoni, laini, ukiukunja unarudi. Wa plastiki ngumu hautakushika, na jua la mwaka mmoja litaufanya kama ganda la nazi. Kioo kiwe cha kweli, utaona neno tempered limechapwa ukingoni. Kioo kikae karibu na macho, kwa sababu kadiri nafasi ya ndani inavyokuwa kubwa ndivyo utakavyoilipia kwa hewa ya mapafuni mwako. Mwisho, hakikisha unaweza kubana pua kwa vidole ukiwa umeivaa, la sivyo hutaweza kuzibua masikio shinikizo likiyabana. Hapo ndipo inapoanguka ile miwani inayofunika uso mzima na mrija wake utosini, ambayo sasa imejaa kila ufukwe. Kwa kuelea juu na kutazama samaki, haya. Kwa kushuka, hapana: pua huifikii, na hewa yake ni ya ndoo nzima.

Ikishakuwa yako, isugue kioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, mara tatu nne, kuondoa utando wa kiwandani. Usipofanya hivyo itapiga ukungu hata utemee mate namna gani.

Mrija ni hadithi fupi, na hapa cha bei ya chini ndicho bora. Chukua bomba tupu lililojikunja, lisilo na vali wala kofia ya kuzuia mawimbi. Kila kidude cha ziada ni mahali pa kuharibikia. Ukishuka unautoa mdomoni.

Mapezi nunua ya mkono wa pili. Nungwi na Paje, kule Unguja, wapo walimu wa mbizi wanaokuja kwa msimu mmoja na kuondoka, na mzigo wa ndege unawalazimisha kuuza. Mapezi marefu ya plastiki, yaliyotumika, yanatosha kwa miaka. Yale ya kaboni waachie wanaoshindana; ukigonga jiwe mara moja umepasua mshahara. Angalia sehemu ya mguu kwanza, maana ubao mrefu wa mbele hauchakai haraka, mpira ndio unaokufa: ukunje, ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, rudisha. Yakizidi kidogo, vaa soksi. Yakibana, hakuna dawa.

Nikianza kujivuna kuhusu mapezi namkumbuka mvuvi mmoja wa pweza wa Kunduchi. Yake ameyakata kwenye dumu la plastiki na kuyakaza kwenye ndala kwa mpira wa baiskeli. Miwani yake, hata hivyo, ni ya silikoni, nzuri kuliko yangu, na hamwazimi mtu. Nilipoomba kuijaribu alinipa maji ya kunywa.

Suti ya mpira usinunue. Maji yetu ni kama nyuzi 25 wakati wa kusi na hufika 29 kaskazi ikishakolea, na jezi ya mikono mirefu inayobana inakuzuia jua na viwavi vya baharini. Suti nene ya mtumba, hata ikiwa ya kutupwa, itakuelesha kama boya, na utalazimika kununua vipande vya risasi, ile metali nzito, vya kukuzamisha. Unaona gharama zinavyozaliana.

Risasi yenyewe, bila suti, wengi hawaihitaji mwanzoni. Ukiihitaji ni kilo moja au mbili, na maduka ya zana za uvuvi yanauza chubwi za kila uzito. Zitunge kwenye mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu, si wa turubai, kwa sababu tumbo linapobonyea kule chini mkanda usiovutika unateleza hadi kifuani. Kifungio cha mkanda kiwe cha kufunguka kwa mkono mmoja. Kipimo changu: ukiwa wima juu ya maji, toa pumzi kawaida, na bado unatakiwa uelee. Ukizama, punguza. Na tafadhali usiyeyushe risasi ya betri kuukuu jikoni kwako kama alivyotaka kufanya rafiki yangu. Moshi wake ni sumu, na nyumba ina watoto.

Saa ya kupima kina pia achana nayo. Nunua kamba ya manila mita 15, ifunge fundo kila mita, mwisho wake funga kopo la zege, na juu yake tyubu ya gari kama zile wanazokodisha ufukwe wa Coco. Hiyo ni boya lako, kipimo chako, na mahali pa kupumzikia.

Sasa ile bajeti ambayo watu hawaiandiki: nauli ya mtu wa pili. Boti ya Mbudya hainipeleki mimi bure kwa sababu tu ninapenda bahari, na mwenzangu naye ana watoto. Kwenye laki na nusu yangu, elfu ishirini ilitengwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Mpiga mbizi anapozimia, mara nyingi si kule chini. Ni mita chache za mwisho akipanda, shinikizo linaposhuka na oksijeni iliyobaki mapafuni kushindwa kuufikia ubongo, au hata akishatoa kichwa nje na kutabasamu. Hajisikii vibaya, hapigi kelele. Anazimika kama taa. Mmoja akishuka, mwingine yuko juu anaangalia, na haangalii simu. Kuhema haraka haraka kabla ya kushuka, ule ujanja wa kijiweni, huongeza hatari hiyo kwa kuua ile hamu ya kupumua inayokuonya.

Wapiga mbizi wa lulu wa zamani kule Ghuba, Uarabuni, na kati yao walikuwemo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii, walishuka bila miwani. Walikuwa na kibanio cha pua cha mfupa au pembe, jiwe mguuni, kikapu, na kamba. Kamba ile juu ilishikwa na mtu ambaye kazi yake nzima ilikuwa kungoja mtikiso na kuvuta. Walimwita saibu. Wale watumwa hawakuchagua kuwa pale, na sipendi kuwageuza mfano wa kupendeza. Lakini kila nikipanga mfuko wangu Ijumaa usiku, miwani, mrija, mapezi, kamba, huwa nampigia simu mwenzangu kuthibitisha kabla sijafunga zipu. Akisema anaumwa mafua, nafungua mfuko na kurudisha vitu kabatini.

Jambo moja nililosahau, na lingeniokolea hela: kama unafuga sharubu, zinyoe kabla hujaenda dukani. Ile ya tano ilishika kwa sababu nilikuwa nimenyoa asubuhi ile kwa ajili ya harusi ya binamu.