Mashine isiyo na sindano si mashine ya elektrolisisi

Mdogo wangu alikuja kwangu juzi akiwa amevaa barakoa, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akatoa mkobani kifaa kidogo cheupe cha kuondoa nywele, chenye kibano mbele na betri nyuma. Alikuwa amekitumia kila usiku kwa miezi minane. Alipoivua barakoa niliona kidevu kilekile ninachokijua, chenye ndevu zilezile, ila sasa ngozi ilikuwa imejaa vipele na vinyweleo vilivyojikunja vikaota kuelekea ndani. "Dada, kwenye boksi imeandikwa elektrolisisi," aliniambia. "Labda ni mimi nisiyejua kuitumia." Maneno hayo yameniuma hadi leo, kwa sababu kosa halikuwa lake hata kidogo.

Kosa ni la wanaoliuza jina la elektrolisisi, yaani njia ya kuua mzizi wa unywele kwa umeme ili usiote tena. Mwaka 1875, Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis nchini Marekani, alichapisha maelezo ya jinsi alivyokuwa akiondoa kope zinazoota kuelekea jichoni kwa kutumia sindano yenye umeme. Sindano hiyo haikuigusa kope juu juu; iliingia katika kitundu kope inamoota, ikafika chini kwenye shina lake. Hapo umeme unapopita, maji na chumvi iliyomo mwilini hugeuka kuwa kostiki soda kidogo sana, na ni hiyo kemikali inayoziua chembe hai zinazootesha unywele. Unywele wenyewe haupitishi umeme vizuri. Ukiubana kwa kibano na kuwasha betri, mkondo haushuki kwenye mzizi kama picha za matangazo zinavyoonyesha, na unywele ukitoka, umetoka kwa sababu umeung'oa, jambo ambalo kibano cha kawaida kingelifanya bila betri. Vivyo hivyo kwa vile vibandiko vyenye jeli vinavyodaiwa kupenyeza umeme kupitia ngozi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huviweka vifaa vya sindano na vya kibano katika mafungu mawili tofauti, lakini mtu anayenunua kwa siri usiku, akiona haya hata kumuuliza rafiki, haelezwi tofauti hiyo. Anaelezwa kwamba hakuna maumivu. Mtu aliyekwisha kuteseka kwa miaka akiambiwa hakuna maumivu, ataamini, na mimi siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mashine yoyote ni kama ina sindano inayoingia kwenye kitundu cha unywele. Ikiwa haina, iacheni, hata kama sifa zake zinajaza ukurasa mzima.

Swali la pili hupuuzwa zaidi, nalo ni kama mashine inakuonyesha kiasi cha umeme unachotumia. Mafundi wa kazi hii wana hesabu rahisi: sehemu moja ya kumi ya miliampia (kipimo cha mkondo mdogo wa umeme) ikipita kwa sekunde moja huhesabiwa kuwa uniti moja ya kostiki. Miliampia 0.5 kwa sekunde 12 ni uniti 60, kiasi kinachokaribia mahitaji ya udevu mnene, ilhali kinyweleo laini huweza kutosheka na uniti 15 hivi. Mashine yenye kitufe kisicho na namba inakunyima hesabu hiyo. Utakuwa unakisia juu ya ngozi ya uso wako. Ukipunguza mno, unywele utarudi na utadhani njia nzima ni uongo. Ukizidisha, utabaki na shimo dogo ambalo halitajaa. Chagueni mashine yenye kipimo kinachosomeka na kirekebishio kinachopanda polepole, kuliko yenye sura nzuri.

Hakikisheni pia, kabla ya kugusa ngozi, kwamba sindano iko upande wa hasi na kishikio cha mkononi kiko upande wa chanya. Pande hizo zikibadilishana, chuma cha sindano huanza kuyeyuka na kuacha doa jeusi ndani ya ngozi, mfano wa chale.

Kuhusu mashine za mkondo wa masafa ya juu, zinazochoma mzizi kwa joto badala ya kemikali, msimamo wangu ni mfupi: ni nzuri mikononi mwa fundi aliyefunzwa, lakini kwa anayejifunza nyumbani kosa la nusu sekunde linatosha kuunguza.

Mimi nilianza kwenye muundi, na nashauri kila mtu aanze hapo au mahali pengine asipopathamini sana. Mara ya kwanza nilifanya kazi chini ya taa hafifu, bila lenzi ya kukuzia, nikisukuma sindano mahali ambapo haikutaka kwenda. Nilipata vigaga vilivyofuatwa na madoa meusi yaliyodumu karibu nusu mwaka. Baadaye nilinunua taa kali na lenzi, nikaelewa kosa langu. Sindano nyembamba, unene wake sehemu ndogo tu ya milimita, ikifuata mwelekeo unywele unakotokea huteleza yenyewe bila kusukumwa. Ukihisi kizuizi, umetoboa ukuta wa kitundu. Umeme ukianza, baada ya sekunde chache povu jeupe dogo hujitokeza mdomoni mwa kitundu. Ni hewa ya haidrojeni, ishara kwamba kazi inaendelea chini. Kisha ukiushika unywele kwa kibano, bila kuvuta, hutoka na mzizi wake uliovimba. Ukilazimika kuvuta, hujaua kitu. Taa na lenzi, pamoja na sindano zilizotakaswa ambazo hutumiwa mara moja na kutupwa, ni sehemu ya mashine, na anayetenga fedha za mashine peke yake amenunua nusu ya kifaa.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba fundi mwenye leseni atafanya kazi hii haraka na kwa usalama zaidi kuliko sisi. Kwenye kidevu chenye mamia ya ndevu, kila moja ikihitaji sekunde kadhaa na nyingine zikiwa bado zimelala chini ya ngozi zikisubiri zamu yao ya kuota, unazungumzia mwaka mzima au zaidi. Hata hivyo si kila mtu ana fundi wa kumwendea. Leza, yaani mwanga mkali wa kuchoma mzizi wa unywele, nayo hutafuta rangi, hivyo unywele mweupe huiponyoka, na kwenye ngozi nyeusi mashine isiyofaa huunguza ngozi yenyewe. Umeme haujali rangi. Kwetu wenye nywele za kujikunja, ambazo kitundu chake hupinda chini ya ngozi, kostiki ina faida ya pekee, kwa kuwa hutiririka na kufika mahali ambapo sindano iliyonyooka haifiki.

Anayepata makovu ya kuvimba asijaribu usoni bila ushauri wa daktari wa ngozi. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiiguse kabisa mashine hii. Mwanamke ambaye ndevu zimeanza kuota ghafla, au ambaye hedhi yake haina mpangilio, apimwe homoni kwanza, maana mashine huua unywele uliopo tu, na homoni zisipotulia zitaotesha mwingine kando yake.

Jana jioni tuliketi na mdogo wangu chini ya taa, mguu wake juu ya mto, tukafanya vinyweleo ishirini tu. Vingi alilazimika kuvivuta, na kila mara nilimwambia airudishe sindano. Cha kumi na saba kiliteleza chenyewe. Alikiweka juu ya karatasi nyeupe, akasogeza lenzi, akauangalia ule mzizi kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Kidevu tumekiacha kipumzike hadi vipele viishe. Kwa sasa anazipunguza ndevu kwa mkasi, hang'oi tena, na wiki ijayo nitamsindikiza hospitali akapime homoni.