Maiki ya kizamani si dawa ya sauti nyembamba

Imani moja imeota mizizi kwenye studio zetu ndogo hapa Tabora: kwamba ule utamu wa rekodi za enzi za bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz ulitoka kwenye maiki, na kwamba ukiipata maiki ya umri ule, kazi imekwisha. Prodyuza kijana anadunduliza hela, anaagiza maiki ya mtumba ya miaka ya 1970 kutoka Ulaya, anaichomeka kwenye saundi kadi ndogo, na anachovuna ni sauti hafifu iliyozungukwa na mvumo. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa maiki za dainamiki, yaani zile zinazonasa sauti kwa koili na sumaku, umri peke yake hauongezi kitu. Hela ya kwanza iende kwenye maiki mpya iliyo halisi. Ya zamani ije baadaye, kwa kazi maalumu, na ije ikiwa imeshapimwa.

Hata huo mpaka kati ya zamani na mpya si mkubwa kama wauzaji wanavyouchora. Shure SM57 ilitoka mwaka 1965 na SM58 ikafuata 1966. Sennheiser MD 421 ni ya 1960, Electro-Voice RE20 ni ya 1968. Zote nne bado zina matoleo yanayouzwa mapya leo, na ubunifu wake wa msingi ni uleule. Anayenunua RE20 mpya ananunua hesabu za 1968 zikiwa na sponji mbichi na utando ambao haujapigwa na mate ya watu miaka hamsini. Kwenye kondensa, aina ile nyingine inayotaka umeme ili ifanye kazi, ubishi huu una mashiko zaidi, maana zamani zilitumia taa za vali na kapsuli (kile kichwa cha ndani kinachonasa sauti) ambazo nyingine hazitengenezwi tena. Kwenye dainamiki tunabishania utando, koili na sumaku, basi.

Na kilichobadilika kweli ni sumaku. Za zamani zilitumia aloi ya alniko. Kuanzia miaka ya 1980 ikaingia neodimiamu, ambayo kwa ukubwa uleule ina nguvu nyingi zaidi, hivyo koili ikitikisika inazalisha umeme mwingi zaidi. Tazama takwimu za watengenezaji kwa sauti ya paskali moja, yaani desibeli 94. SM7B ya Shure, inayobeba ubunifu wa SM7 ya miaka ya 1970, inatoa milivolti 1.12. RE20 inatoa 1.5. SM58 inatoa karibu 1.9. Beta 58A yenye neodimiamu inatoa 2.6. Kutoka SM7B hadi Beta 58A kuna tofauti ya desibeli 7 na ushei, kwa mdomo uleule na umbali uleule.

Hapo ndipo studio nyingi zinapokwama, na wenyewe wanadhani tatizo ni maiki mbovu. Saundi kadi kama Focusrite Scarlett ya kizazi cha tatu ina geni, yaani nguvu ya kukuza sauti, ya desibeli 56. Shure wenyewe wanasema SM7B inataka angalau 60. Kwa hiyo unazungusha kitufe hadi mwisho, mwimbaji bado yuko chini, na ukipandisha sauti ndani ya programu unapandisha pamoja nayo ile kelele ya "shhh" iliyomo kwenye saundi kadi. Unaweza kuweka kikuza sauti kidogo katikati ya waya, kama Cloudlifter CL-1 inayoongeza desibeli 25 hivi, au FetHead yenye kama 27. Vyote viwili vinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Lakini hiyo ni gharama nyingine juu ya gharama. Mwenye bajeti moja tu anunue maiki yenye milivolti za kutosha tangu mwanzo.

Kabla ya kununua chochote, sogeza mdomo. Ukitoka sentimita 20 kuja 10 unapata karibu desibeli 6 za bure, na kelele ya chumba inabaki ilipokuwa. Huo usogevu ndio unaoleta uzito ambao watu wanausaka kwenye maiki kuukuu: SM58 ikiwa milimita 6 tu kutoka mdomoni, besi ya chini ya hezi 100 inapanda desibeli 6 hadi 10. Mwimbaji akikaa shubiri nzima kutoka kwenye maiki kisha akalalamika sauti nyembamba, maiki haina kosa. Herufi "p" na "b" zikianza kupasua, igeuze maiki kidogo ielekee pembe ya mdomo. Pumzi itapita pembeni na sauti itabaki.

Ule "ukale" wenyewe unatengenezeka. SM58 imeinuliwa kwenye eneo la hezi 4,000 hadi 6,000 ili maneno yasikike jukwaani. Punguza hapo desibeli 2 au 3 kwa kilinganishi (EQ) kipana, kata kila kitu kuanzia hezi 12,000 kwenda juu kwa mteremko wa taratibu, msogeze mwimbaji hadi sentimita 7, kisha sikiliza upya. Kinachobaki hadi kuzifikia rekodi za zamani ni tepu, chumba kikubwa, na bendi nzima inayopiga kwa pamoja. Hakuna maiki inayokuletea hayo.

Kuna jambo la chumba pia, na hapa Tabora chumba kina bati juu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikishuka hakuna maiki itakayokuokoa, lakini dhidi ya bodaboda, jenereta la jirani na feni, dainamiki inasaidia kwa sababu tunaifanyia kazi karibu na mdomo. Sharti ujue inaziba sikio upande gani. SM58 haisikii vizuri moja kwa moja nyuma, kwa hiyo feni au dirisha liwe mkiani mwa maiki. Beta 58A ni tofauti: sehemu yake kiziwi iko nyuzi 120 hivi kutoka mbele, yaani nyuma-pembeni, na mkiani kabisa inasikia kiasi. Anayebadilisha moja kwa nyingine bila kugeuza stendi ataona kelele imeongezeka na kuilaumu maiki. Feni ina kosa la pili. Mota yake inarusha uga wa sumaku, na koili ya maiki inaupokea kama mvumo. RE20 na SM7B zina koili ya pili ya kuua mvumo huo. Nyingi za zamani hazina. Ukisikia mvumo, usikimbilie kubadilisha waya. Zungusha maiki ilipo, kisha isogeze mbali na feni, adapta na transfoma. Mvumo ukibadilika kila ukigeuza, unatoka hewani.

Sasa zipo kazi ambazo maiki ya zamani inanishawishi. Ngoma kubwa ni mojawapo. MD 421 ikiwekwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ngozi, imeelekezwa kati ya katikati na ukingo, inabeba kishindo bila kupasuka. Manyanga nayo yanapendeza kwenye dainamiki ya zamani, kwa kuwa ile michomo ya juu kabisa inayoumiza masikio inalainishwa na maiki yenyewe. Ila MD 421 ina mtego. Karibu na plagi kuna pete yenye hatua tano, kutoka M hadi S. M ni ya muziki, besi yote inapita. S ni ya usemi, besi imekatwa. Za mtumba nyingi zilitoka kwenye redio na kumbi za mikutano, na pete yake inaweza kuwa imekaa S miaka yote. Mtu anaiweka kwenye ngoma, anasikia kopo, anaiuza kwa hasara. Izungushe irudi M kabla ya kutoa hukumu.

Ukiamua kununua ya mtumba, chukua multimita. Iweke kwenye ohmu na ugusishe pini 2 na 3 za plagi ya XLR, ile ya pini tatu, huku sikio likiwa karibu na kapsuli. Maiki nzima ya dainamiki inatoa mlio mdogo wa "tik" na multimita inaonyesha ohmu makumi kadhaa hadi mamia. Isiposoma kitu, koili au waya umekatika. Ikisoma sifuri, kuna shoti. Kisha pima pini 1 na 2, halafu 1 na 3: kwa maiki yenye waya uliosawazishwa, yaani pini 2 na 3 zinabeba sauti na 1 ni ardhi tu, hapo pasisome kitu. Usifanye kipimo hiki kwenye maiki ya riboni, utando wake ni mwembamba mno.

Plagi nazo zinatesa. MD 421 nyingi za zamani zina plagi ndogo ya Tuchel, si XLR, na adapta yake haipatikani kirahisi, kwa hiyo muuzaji aitoe pamoja na maiki. Nyingine, hasa za Kimarekani, ni za ohmu nyingi na zina jeki ya gitaa. Hizo ukizidisha mita 6 za waya trebo inaanza kupotea. Tumia transfoma ya kushusha, na usizipelekee volti 48 kwa adapta ya kujitengenezea. Kwenye maiki iliyosawazishwa vizuri volti hizo hazidhuru, lakini pini moja ikigusana na ardhi umeme unapita moja kwa moja kwenye koili au transfoma.

Angalia sponji. Ndani ya RE20 za zamani sponji inaoza na kuwa makombo yanayonata, yanadondokea kwenye kapsuli na sauti inakuwa kama imefunikwa na blanketi. Kuibadilisha kunawezekana kwa subira, ila gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Sumaku ya alniko usiitoe ndani ya fremu yake kwa udadisi: ikitengana na chuma chake inapungua nguvu na hairudi yenyewe.

Kujua kama nguvu ipo, weka spika ndogo mezani, ipige kelele moja isiyobadilika, na weka maiki sentimita 20 mbele yake. Rekodi. Bila kugusa geni, weka mahali palepale maiki nzima ya aina hiyohiyo. Pungufu la desibeli 6 maana yake ni nusu ya volti, na maiki ya hivyo mrudishie mwenyewe. Kisha rekodi zote mbili kwa pamoja na uzichanganye. Besi ikitoweka, waya wa moja umegeuzwa, jambo la kawaida kwa za zamani ambazo pini 3 ndiyo iliyokuwa chanya. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi, au badilisha waya mbili kwa lehemu.

Hata mpya zinataka macho. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298. Iliyo nyepesi sana iache, ingawa feki nyingine zinaongezwa kipande cha chuma, kwa hiyo jaribio la spika ndilo litakaloamua. Kichwa chake cha wavu kinafunguka kwa kuzungusha. Kioshe kwa sabuni na mswaki, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Na kiangazi, vumbi linapotanda, usiache maiki wazi kwenye stendi, hasa kama jirani yako ni fundi wa kuchomelea mageti. Chembe za chuma zinavutwa na sumaku hadi kwenye nafasi ya koili na zinaanza kukwaruza. Usizipulize, zitazama zaidi. Zinase kwa utepe wa gundi (selotepu), kidogo kidogo, kisha maiki irudi kwenye mfuko wenye zipu.