Tone la maji kwenye kikaango cha rolex

Muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wangu hapa Jinja, Uganda, hupima kikaango kwa maji. Ananyunyiza kidogo: kikiwa na moto wa kawaida, tone linalia chwaa na kukauka papo hapo. Kikipitiliza, tone halikauki. Linakimbia huku na huko kama gololi, limeelea juu ya mvuke wake lenyewe, na moto haulipati sawasawa.

Kwenye kinu cha nyuklia jambo hilohilo ni balaa. Katika vinu vingi, maji yanayopoza fueli hubanwa kwa shinikizo la baa 155 hivi, ndiyo maana yanapita nyuzi 300 bila kuchemka. Bomba likipasuka, shinikizo linaporomoka, maji yanageuka mvuke, na fueli iliyovikwa mvuke haipoi.

Kwenye kinu cha Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979, vali ilikwama wazi na maji yakawa yanatoka. Kipimo kilionyesha tangi limejaa, kwa sababu mvuke ulikuwa unayasukuma maji juu. Waendeshaji wakapunguza pampu za dharura. Karibu nusu ya fueli iliyeyuka.

Leo programu za kompyuta kama RELAP5 ya Marekani na CATHARE ya Ufaransa huiga ajali kama hizo kwa kukokotoa maji kivyake na mvuke kivyake: uzito, mwendo na nishati. Kazi ngumu iko pale vinapokutana. Kiputo cha mvuke ni kikubwa kiasi gani? Kinasuguana vipi na maji? Majibu hutoka kwenye majaribio ya maabara, na nje ya hali zilizojaribiwa ni kubahatisha kwa heshima.

Sasa serikali yetu inataka kinu Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, ikilenga megawati 1,000 za kwanza mwaka 2031. Mimi sipingi, giza la umeme kukatika nimelichoka. Ninachopinga ni kupokea ripoti ya usalama kutoka kwa muuzaji wa kinu na kugonga muhuri. Hesabu hizi za mfumo mzima zinaendeshwa hata kwenye kompyuta ya mezani (kinachotugharimu ni miaka ya kumfundisha mtu, na miaka hiyo tunaichezea). Nawataka vijana wetu wenyewe wabadilishe kile kipimo cha kiputo, waone jibu linayumba kiasi gani, kisha wamkalishe muuzaji wamuulize: namba hii mliipata kwa jaribio gani, na kwa shinikizo gani?