Naosha Boti kwa Mswaki

Jamani, mimi kazi yangu ni kuosha boti. Sikusema kuendesha, nimesema kuosha. Kule Amu, yaani Lamu, mama huwaambia majirani kwamba mwanawe "yuko melini Dubai", na majirani wanaitikia mashallah, wanadhani navaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani. Mimi navaa glavu za mpira za kijani na nina ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya maji ya kusuuzia. Na tangu mwezi uliopita nimeongezewa zana ya tatu. Mswaki.

Mswaki huo ni wa meno kwelikweli. Laini, wa watoto, una picha ya dubu. Msimamizi alininunulia dazeni nzima, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi bastola, akasema hii ni ya lile boti jipya la mwisho wa gati, na ole wako nikuone umetumia brashi ya kawaida.

Boti lenyewe limechorwa na watu wa magari ya kifahari, yale ya mbio yanayokaa chini mpaka paka hapiti uvunguni. Jina la kampuni silitaji. Bado nadaiwa nauli iliyonileta huku, na sina haja ya kurudi kijijini kwetu Matondoni kabla sijaimaliza. Itoshe kusema kwamba boti la kawaida lina ubavu. Unapaka sabuni, unavuta brashi kutoka omo mpaka tezi, yaani mbele mpaka nyuma, unasuuza, unakwenda kula. Hili ubavu wake umekunjwakunjwa kama shati lililolaliwa. Pembe juu ya pembe. Kuna matundu ya hewa yasiyoingiza hewa! Nimeyachunguza kwa tochi ya simu: sentimita tatu ndani, ukuta. Ni ya urembo. Lakini chumvi haijui urembo, inaingia humohumo, inakauka, na kwa kuwa mwenyewe kachagua rangi nyeusi, kila chembe inaonekana kama unga wa ngano kwenye buibui.

Nauliza tu: gari linalala kwenye maji ya chumvi? Mchoraji amekaa zake ofisini kwenye kiyoyozi, akapiga mstari mmoja, akaona mzuri, akapiga wa pili. Hakuna aliyemwambia kwamba kila mstari huo kuna mtoto wa mtu atakuja kuupigia magoti kwenye jua la nyuzi 43.

Jioni nikirudi chumbani (tuko wanane, mimi nalala kitanda cha juu, feni inanipita kichwani kama panga) hunipokea Mtanga. Jina lake analo, lakini sote tunamwita Mtanga kwa kuwa kila jambo kwake linaanzia Tanga. Ni fundi wa viyoyozi, na usiku hugeuka profesa wa simu. Nikamwonyesha vidole vyangu vilivyokunjamana. Badala ya kunipa pole akaniambia, "Ndugu yangu, hayo mambo si mageni, yalianza zamani. Lala nikusomee."

Akanisomea habari za Ferruccio Lamborghini. Mtoto wa mkulima kule Italia, akaanza kuunda matrekta, mwaka 1963 akafungua kampuni ya magari. Mwaka 1968 akaagiza boti aina ya Riva Aquarama, lile la mbao za mkangazi zilizopakwa vanishi mpaka unajiona meno. Kwa kawaida boti hilo lilikuja na injini zake. Yeye akasema hapana, akatia injini mbili za V12, yaani zenye silinda kumi na mbili, za magari yake mwenyewe, lita nne kila moja. Alama ya kampuni yake ni fahali. Wahenga walishasema fahali wawili hawakai zizi moja. Huyu bwana akawaweka wawili ndani ya boti moja, na likaenda! Alikaa nalo kama miaka ishirini. Baadaye injini zikang'olewa, boti likachakaa, mpaka mafundi wa Uholanzi wakalichukua, wakahangaika nalo miaka mitatu, wakalipaka vanishi tabaka 25, na mwaka 2013 likarudi majini.

Mtanga alikuwa anaangalia injini. Mimi nilimnyang'anya simu nikakuza picha ya ubavu. Laini. Hakuna pembe hata moja, hakuna tundu la uongo. Kitambaa kimoja, mkono mmoja, dakika ishirini umemaliza. Nikasema huyu mzee Ferruccio Mungu amrehemu, alikuwa mtu muungwana.

Akanionyesha la pili, Riva Ferrari 32, la mwanzoni mwa miaka ya 1990. Futi 32, na yaliundwa kama 40 tu dunia nzima. Jekundu kama pilipili, lina bawa nyuma kama gari la mashindano, na matundu yenye mbavu za kulala kama ya lile gari la Ferrari liitwalo Testarossa. Mtanga akatikisa kichwa kwa mahaba. Mimi nikaanza kuhesabu mbavu. Kila ubavu mmoja, mswaki unapita juu, unapita chini, unarudi katikati. Zaidi ya hapo, injini zake hata hazikuwa za Ferrari! Yaani Ferrari walilitia koti tu. Sasa kama mlikuwa mnatoa koti peke yake, si mngetoa lisilo na vifungo vingi hivyo?

Lakini Ferrari nao walishatia moyo wao kwenye boti kabla ya hapo. Muitaliano mmoja aliyeitwa Achille Castoldi alichukua injini ya V12 ya lita 4.5, ya ukoo wa magari ya mashindano ya Ferrari, akaifunga kwenye kidude cha mbao kinachoitwa Arno XI. Tarehe 15 Oktoba 1953, kwenye Ziwa Iseo, akakimbiza kilomita 241 kwa saa. Juu ya maji, kwenye mbao, mwaka 1953! Mtanga akanyamaza kwanza, jambo la nadra. Mimi nikawa namfikiria babu yangu, maana katika miaka hiyo alikuwa kijana mdogo kwenye jahazi lililopakia boriti za mikoko kutoka Amu, wamesukumwa na kusi wiki na wiki mpaka huku Ghuba, wanakula papa mkavu na kuombea upepo. Babu alikuja Ghuba na boriti. Mimi nimekuja na viza ya usafi. Sijui nani amepiga hatua.

Kesho yake nikiwa juu ya lile boti langu jeusi, babu akapiga simu ya video. Kwa kweli alipiga mjukuu mwenzangu, lakini babu ndiye aliyeishika simu, sikio limejaa kioo kizima.

"Babu, shikamoo. Weka usoni."

"Marahaba. Nasikia uko kwenye chombo. Nionyesha."

Mzee huyu ameunda mashua maisha yake yote pale Matondoni. Hachori. Hana karatasi wala rula ya maana. Anatazama mti mkoko umepinda vipi, anajua huu utakuwa taruma, yaani ubavu wa ndani, la wapi. Nikamzungushia kamera. Kimya. Nikaenda mbele.

"Hiki chombo kina mato?"

Kwetu chombo cha heshima huchorwa macho kwenye omo, ili kione njia. Nikamwonyesha taa za mbele, zile nyembamba zilizochongoka, za mtindo wa gari.

"Hayo mato yamekasirika," akasema. "Kuna mtu amemuudhi?"

"Hapana, babu. Ndiyo fasheni."

"Na samaki wanawekwa wapi?"

"Hakuna mahali pa samaki."

"Na mizigo?"

"Hakuna."

"Na kulala?"

"Wanalala wawili, babu. Wakiwa wembamba."

Akakohoa. Akaniuliza limeundwa mangapi ya namna hiyo, nikamwambia machache sana, ndiyo sababu ni ghali, ukiwa nalo jirani yako hawezi kuwa nalo. Babu akacheka mpaka simu ikaanguka. Alipookotewa akasema yeye hajawahi kuunda mashua mbili zinazofanana hata mara moja, kila moja iko peke yake duniani, na bado kuna mtu alimlipa nusu mwaka 1994 na nusu nyingine bado anaisubiri.

Sasa kuhusu bei na nguvu. Mtanga ananisomea habari za lile linaloitwa Tecnomar for Lamborghini 63, lililozinduliwa 2020. Futi 63, yamepangwa kuundwa 63, kwa heshima ya mwaka 1963. Sijui wangeanzishwa mwaka 1999 ingekuwaje, gati lingetosha? Lina injini mbili za V12, kila moja nguvu za farasi 2,000. Farasi 4,000! Amu sisi tuna punda, na punda wawili tu wakikutana kwenye kichochoro cha Mkunguni huduma zote zinasimama. Mashua ya mjomba wangu ina injini ya nyuma ya farasi 15, ya kuvuta kamba: unavuta mara saba, ya nane unaisomea dua, ya tisa inakohoa, na hapo mmeshafika kwa kupiga kasia. Hilo la Waitaliano linawashwa kwa kitufe kama cha gari lao, kimoja kwa kila injini, na linakimbia noti 60. Hizo ni noti za mwendo, si za mfukoni, ingawa za mfukoni nazo hukimbia mwendo uleule. Ni kama kilomita 111 kwa saa. Conor McGregor, yule mpiganaji wa Ireland, alinunua moja. Sawa, yeye akiliosha vibaya nani atamgombeza?

Bugatti nao, kwa kushirikiana na waunda maboti wa Palmer Johnson, walikuja na Niniette 66, ambalo katika mchoro lina beseni la maji moto na mahali pa kuwashia moto pa kuota. Mtanga akaona ni maajabu. Nikamwambia wacha ushamba, majahazi yetu yalikuwa na sanduku la mchanga lenye mafiga matatu na wali unapikwa humo katikati ya bahari, tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na njaa.

Katika wote hao anayestahili dua yangu ni aliyebuni AM37 ya Aston Martin, ya mwaka 2016. Ina kifuniko kinachoteleza chenyewe na kufunika sehemu yote ya kukalia ukibonyeza kitufe. Vumbi haliingii! Kinyesi cha ndege hakiingii! Pale kazini ndege weupe wamelipenda boti jeusi kuliko yote, sijui nani aliwaambia linaonekana vizuri.

Basi Ijumaa iliyopita mwenye boti akaja. Tangu aletewe alikuwa amekuja mara nne, na zote nne lilikuwa limefungwa kamba palepale: anakaa kwenye usukani, anapigwa picha akitazama mbali kama nahodha aliyeona kisiwa, anashuka. Safari hii akasema leo tunatoka. Nililing'arisha tangu saa kumi alfajiri. Miswaki miwili iliishia humo. Msimamizi akapitisha kidole chenye glavu nyeupe kwenye kila kikunjo, akatafuta kosa, akalikosa, nikaona roho inamuuma.

Injini zikawashwa. Nakiri, huo mlio uliniingia tumboni. Gati zima likageuka kutazama. Kamba zikafunguliwa, boti likaondoka... polepole. Maana pale ndani ya bandari kuna kibao: mwendo wa noti 5, mwisho. Lile dude lenye mato yaliyokasirika likawa linanyata kama bata aliyeiba. Kule ukingoni kuna yaya mmoja alikuwa anasukuma mtoto kwenye kigari. Akalifikia. Akalipita. Mtoto akampungia mkono tajiri.

Nje ya lango la bahari sikuona kilichotokea, nilisikia tu ngurumo moja ndefu, halafu kimya. Dakika ishirini na tano baadaye hao wamerudi, wageni wamelowa, bibi mmoja kashika viatu mkononi na haongei na mtu. Mwenye boti akashuka, akaniambia "good job", akaenda zake.

Boti zima lilikuwa jeupe kwa chumvi. Kila pembe, kila kikunjo, kila tundu la uongo. Msimamizi hakusema neno, alitia mkono mfukoni akatoa mswaki mpya, bado uko kwenye pakiti. Huu una picha ya sungura.