Kanzu Yangu na Kocha wa Taifa

Mimi ni mtu wa amani, na majirani zangu wa Ngamiani watanishuhudia kwamba sijapata kugombana na mtu kwa ajili ya mpira, hata siku zile klabu zetu mbili za Tanga, Coastal Union na African Sports, zinapokutana na nyumba moja ikagawanyika chumba kwa chumba. Lakini mtu wa amani naye ana kikomo chake, na changu kimefikiwa wiki hii, kwa sababu mji mzima wa Tanga umejigeuza kamati ya kumtafuta kocha wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka, na hakuna shughuli nyingine inayokwenda.

Kiti kiwe wazi kisiwe wazi, sisi hatusubiri tangazo la TFF, shirikisho letu la soka. Inatosha mtu mmoja kusema barazani kwamba amesikia tetesi, na kabla kahawa haijapoa majina yamekwisha kupendekezwa, mengine yamekataliwa na angalau moja limetukanwa. Muuza samaki wa Deep Sea ameniuzia vibua kwa bei ya changu, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwa mwenzake aliyekuwa akimtetea kocha wa Kizungu. Dereva wa bajaji amenipitisha Chumbageni nilikokuwa nashuka akanifikisha Raskazone, kisha akaniomba radhi kwa kunikumbusha kwamba hata mipira ya Stars huwa inapitiliza lango. Kwenye dirisha la zahanati karani aliniuliza jina, umri, na kama naunga mkono kocha mzawa.

Hayo nimeyameza. Lisilomezeka ni la fundi cherehani.

Nilimpelekea kitambaa cheupe cha kanzu kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu, naye akaniahidi kuwa itakuwa tayari kesho, na nani asiyeijua kesho ya fundi. Nilipokwenda kuichukua, harusi ikiwa imekwisha kufika mlangoni, nilikuta umati umejaa kibarazani kwake, nikaingiwa na hofu kwamba fundi amefariki. Kumbe ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Amesimama nyuma ya meza, futi kamba shingoni, na juu ya meza kimetandazwa kitambaa changu, hakijashonwa hata pindo, ila kimechorwa kwa chaki ya buluu duara la katikati, maeneo mawili ya penalti, na pini zimesimamishwa kwenye pembe zote nne kuwa vibendera vya kona.

“Karibu, ami,” akaniambia bila kuinua uso. “Pita huku, upande wa jukwaa kuu.”

Vifungo 11 vya buluu ndivyo vilivyokuwa Taifa Stars. Vifungo vyeusi, vilivyonyofolewa kwenye koti la mteja mwingine ambaye sijui siku yake ikifika atasema nini, vilikuwa Moroko, kwa sababu fundi alikuwa akiurudia ule mchezo wa 16 bora wa fainali za Afrika wa Januari 2026 tuliofungwa 1-0 mjini Rabat, akionyesha namna ambavyo kocha aliye makini, yaani yeye, angelizuia lile bao la Brahim Díaz. Kwenye lango letu ilisimama pasi ya mkaa. Niliuliza kwa adabu kama pasi ile ina moto, nikaambiwa nisiwatoe wachezaji mchezoni.

Hoja ya kwanza niliyoikuta ilikuwa ya mzee mmoja aliyekalia gunia la vitambaa vya masalio, ambaye kila anapotaka kusema hugonga sakafu kwa bakora mpaka vifungo vinahama nafasi. Kwa mzee huyu, kocha ni mmoja tu, Sławomir Wolk, yule Mpolandi aliyetupeleka fainali za Afrika za 1980 kule Lagos, na wote waliomfuata ni wapita njia. Akatusimulia tena bao la Peter Tino la 1979 kule Ndola, lililotupa sare ya 1-1 na Zambia na tiketi ya kwenda Nigeria, na kwa kuwa maneno hayakumtosha, akachukua kifungo chekundu na kukiburuta kwenye kitambaa changu kwa kidole kilichotoka moja kwa moja kwenye bakuli la urojo.

“Shikamoo mzee,” kijana mmoja akamkatiza, na kila mtu akajua kwamba shikamoo ile imekuja na pingamizi. “Huko Lagos kwenyewe si tulifungwa 3-1 na Nigeria, tukafungwa 2-1 na Misri, tukapata sare na Ivory Coast tukarudi nyumbani?”

“Tulirudi kwa heshima, mwanangu,” akajibu mzee. “Nyinyi mnarudi kwa ndege.”

Kijana yeye anataka kocha kutoka Ulaya, na asiwe wa bei rahisi. Fundi akamwuliza ni Ulaya ipi ambayo hatujaijaribu. Tangu alipokuja Mbrazili Marcio Maximo mwaka 2006 tumewapata Wadenmark wawili walioitwa Poulsen wote, Jan kisha Kim, na huyo Kim tulipoachana naye tukamrudisha tena mwaka 2021. Tumepata Mholanzi, Mnigeria, Mrundi, Mzambia, Mbelgiji mzaliwa wa Algeria na Mwajentina, na kila tulipomchoka mgeni tukachukua mzawa, na kila tulipomchoka mzawa tukasema tatizo letu ni kuwadharau wageni. Yule Mnigeria, Emmanuel Amunike, alitufungisha safari ya fainali za Afrika za Misri Machi 2019 kwa kuipiga Uganda 3-0 pale Dar es Salaam, watu wakalia barabarani kwa furaha. Julai, baada ya kufungwa michezo mitatu huko huko Misri, hakuwa kocha wetu tena.

“Na la Moroko mnalisahau,” akaendelea fundi, sasa akiwa amepandisha mguu mmoja kwenye kigoda. “Januari 2024, fainali za Ivory Coast, kocha wetu Adel Amrouche, yule Mbelgiji mzaliwa wa Algeria, anaisema Moroko vibaya. CAF, shirikisho la soka la Afrika, inamfungia michezo minane. Timu anapewa nani? Hemed Suleiman, ambaye nchi nzima inamwita Morocco. Huyo Morocco anapambana, anaifunga Guinea 1-0, anatupatia nafasi ya kwenda fainali za wapi? Moroko. Kabla hatujaondoka, Morocco anaondolewa, anachukua Gamondi, yule Mwajentina. Tunafika Moroko bila Morocco. Na nani anatutoa? Moroko!”

Hapo kibaraza kizima kilinyamaza, kila mtu akijaribu kuhesabu Moroko zilikuwa ngapi.

Mimi nilikitumia kimya hicho kuuliza habari za kanzu. Fundi akanitazama kwa masikitiko, akaniambia kwamba ndiyo matatizo ya nchi hii, mtu anaweka maslahi yake binafsi mbele ya taifa. Kisha akaleta pendekezo lake rasmi, ambalo kila mtu wa Tanga alilitegemea: Juma Mgunda. Ni wetu, amekuwemo katika Coastal Union iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, na Amrouche alipofungiwa ni yeye aliyewekwa kumsaidia Hemed. Hata huyo Hemed, akakumbusha, aliwahi kuifundisha Coastal, hivyo ukichunguza vizuri taifa hili limekuwa likiazima akili kutoka Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, bila kulipa.

Pendekezo lilipigiwa makofi. Upinzani ulitoka kwa mama mmoja aliyekuwa amemleta mwanawe kupimwa sare ya shule na ambaye kwa muda wote huo alikuwa amesimama na mtoto huku mikono ya mtoto imenyooshwa pembeni, kwa kuwa fundi alianza kumpima kabla ya kipindi cha kwanza na hakumwambia aishushe.

“Nyinyi mnabadilisha mpishi kila siku,” akasema, “na mchele ni uleule wenye mawe.”

Sijui kwa nini maneno hayo yalimchoma fundi kiasi kile. Alisema atamthibitishia mama kwamba kocha hubadilisha kila kitu. Alisema tatizo la Stars ni kwamba mashambulizi hayapiti pembeni, na kwamba beki wa kushoto wa kisasa anatakiwa apande hivi. Na kwa kuwa mkononi hakuwa na kifungo bali mkasi, beki wa kushoto akapanda kutoka kwenye lango letu hadi kwenye kibendera cha kona cha Moroko kwa sauti ya kitambaa kinachokatwa kwa ufundi wa hali ya juu. Umati ukashangilia. Mimi nilitoa sauti ambayo haimo katika alfabeti yetu. Wakati huohuo harufu ikaanza kusikika, watu wakageuka, na moshi mwembamba ukaonekana ukitoka chini ya golikipa.

Fundi aliinyanyua pasi. Lango letu lilikuwa limeungua, kahawia, na umbo la pasi limekaa pale ambapo ningevaa kifua. Alilitazama, akaitazama pasi, akatangaza kwamba kosa ni la kipa, na kwamba hapa ndipo kocha mwenye akili anapofanya mabadiliko mapema. Akaipeleka pasi benchi.

“Usijali, ami,” akaniambia. “Tutatoa shati. Tena la mikono mifupi.”

Mpwa wangu anaoa, nami niende kwenye nikahi na shati lenye eneo la penalti.

Sasa niseme kwa utulivu, ingawa sina utulivu. Tumecheza fainali nne za Afrika: 1980, 2019, ile ya Ivory Coast mwaka 2024 na hii ya Moroko. Jumla ni michezo 13, sare 5, ushindi hakuna. Chini ya Mpolandi hakuna, chini ya Mnigeria hakuna, chini ya mzawa hakuna, chini ya Mwajentina tukafika 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia, na hata huko tukafika kwa sare mbili. Mwaka 2027 fainali zinakuja hapa kwetu, Kenya na Uganda, kwa hiyo hata kile kisingizio cha kushindwa kufuzu hatutakuwa nacho. Na badala ya kuuliza mtoto wa miaka kumi pale Makorora anafundishwa kupiga mpira na nani, juu ya kiwanja gani, tunauliza kocha mpya atavaa suti au fulana. Klabu za ligi yetu zinaruhusiwa kusajili wageni 12, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, wa timu kubwa mara nyingi ametoka nchi nyingine, halafu tunamkabidhi kocha wa taifa vijana wanaokaa benchi, tunampa siku chache za kukaa nao kabla ya mchezo, tunamwambia atutafutie mfungaji. Atamtoa wapi? Atamshona?

Nisameheni, nimepandisha sauti. Ila hasira zenyewe hazina pa kutulia, maana niliporudi nyumbani nilimkuta shemeji yangu ananisubiri sebuleni na karatasi ya foliskepu. Amesikia kwamba nafasi ya kocha huenda ikatangazwa na anataka nimwandikie barua ya maombi, kwa kuwa mimi nina mwandiko. Nilimweleza kwamba kocha wa taifa anatakiwa awe na leseni ya ukocha ya daraja la juu. Akasema leseni anayo. Akaitoa. Ni ya bajaji.

Kwa upande wa uzoefu alitaka niandike kwamba ameiongoza timu ya vijana wa mtaa kwa mafanikio makubwa. Ninaifahamu timu hiyo. Ilivunjika mpira ulipotoboka. Kwenye lugha, Kiswahili fasaha na Kiarabu cha kusalia. Kwenye mfumo wa uchezaji akasema niandike 4-3-3, lakini kwa penseli. Mshahara, wa maelewano. Wadhamini wawili: mimi na yule fundi cherehani. Nilipoandika jina la fundi mkono ulinitetemeka, lakini nikaandika, kwa sababu dada yangu alikuwa mlangoni akinitazama.

Nilipomaliza na kumpa asaini, hakuinuka. Aliuliza kama peni bado ina wino. Nikamjibu kwamba ipo. Akasema basi niandike na ile barua ya pili palepale, ya kuachana na TFF kwa makubaliano ya pande zote mbili, tarehe niiache wazi.