Kilomita Hazimwambii Msafiri Anachotaka Kujua

Ukiuliza mtandaoni safari ya ndege kati ya miji miwili iliyo mbalimbali itachukua muda gani, mara nyingi unapewa kilomita. Kisha kilomita hizo zinagawanywa kwa 900, kasi ya kawaida ya ndege kubwa ikiwa angani, na jibu linaandikwa kana kwamba ndiyo safari yenyewe. Hesabu hiyo siikubali hata kidogo, maana wapo wanaopangia mambo mazito: mazishi, usaili wa kazi, ndege ya pili ya kuunganisha.

Chukua London na New York. Umbali ni takriban kilomita 5,500, na kwa hesabu ile utaambiwa saa sita na ushee. Ratiba zinasema vingine: kwenda New York ni karibu saa nane, kurudi London karibu saa saba. Sehemu ya muda huo huishia chini uwanjani, ndege ikijivuta kuelekea njia ya kurukia. Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayefuatana nao husukumwa, anayeukabili huzuiwa. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London baada ya safari isiyofika saa tano. Injini zilikuwa zilezile. Hewa iliyoibeba ndiyo iliyokuwa ikienda mbio.

Upepo, hata hivyo, marubani wameuzoea na ratiba huuzingatia. Siasa ndiyo inayovuruga kabisa. Helsinki, mji mkuu wa Finland, na Tokyo zimetengana kwa kilomita 7,800 hivi, na kabla ya 2022 safari ilikuwa ya saa tisa na nusu au kumi, ndege ikikatiza anga la Urusi. Anga hilo lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, safari ikafika takriban saa 13, nyingine zikipitia karibu na Ncha ya Kaskazini. Kilomita zinazotajwa hazijabadilika hata moja, kwa kuwa zinapima mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia, si njia ambayo rubani ameruhusiwa kupita.

Na hapo nazungumzia safari za moja kwa moja tu. Ukilazimika kubadilisha ndege mahali, saa za kusubiri zinaweza kuzidi za kuruka.

Ninachodai ni kidogo: muda wa kwenda uandikwe peke yake, wa kurudi peke yake, vyote kutoka kwenye ratiba ya sasa, na tarehe ya kufika itajwe. Anayeondoka Tokyo jioni kwenda Los Angeles hutua asubuhi ya tarehe ileile aliyoondokea, kwa kuwa saa za Los Angeles ziko nyuma sana ya za Tokyo. Anayempokea uwanjani anahitaji kulijua hilo kuliko kilomita.