Friji Langu Lina Mlinzi, Mimi Sina

Nyumba tunayopanga hapa Mbagala haina mlinzi. Geti tunalifunga kwa kipande cha waya, na mimi nikichelewa kurudi natembea simu nimeificha kwenye soksi. Ila friji langu lina mlinzi. Nimemtoa Kariakoo kwa elfu thelathini na tano, tumebishania bei mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kuposa.

Anaitwa friji gadi. Kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kina taa tatu. Nyekundu maana yake umeme mbaya, hapiti mtu. Njano, subiri kwanza. Kijani, ruksa. Hiyo kijani nimeiona mara chache kuliko nilivyowahi kumwona mwenye nyumba akicheka.

Msinicheke. Friji la kwanza lilinifia mikononi. Watu wengi wanajua friji linauawa na umeme mkubwa, ule wa kupiga pa! ukanusa moshi. Langu liliuawa na umeme mdogo. Kompresa inataka kuanza kuzunguka, nguvu haina, inaguna nguuuu, na kadiri inavyokwama ndivyo inavyovuta umeme mwingi na kupata moto, halafu ka! inajizima. Ikipoa inajaribu tena. Nguuuu, ka! Nguuuu, ka! Wiki mbili nzima sisi tunasikia mngurumo tunaambiana friji hili kweli jembe, halichoki. Kumbe lilikuwa linakata roho.

Fundi alikuja na kipimo chake. Akachomeka kwenye soketi, akakitikisa, akachomeka tena, akanitazama kama daktari aliyeshika picha ya mapafu yangu.

"Mzee, inatakiwa isome 230. Hapa inasoma 158."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo una umeme wa kuchajia simu."

Nami nimetoka kuangalia taarifa ya habari, runinga yangu ya chogo picha imesinyaa pande zote mpaka msomaji kawa kama yuko bahashani, wanaonyesha bwawa la Rufiji: mitambo 9, megawati 2,115. Nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Lakini maji ya Rufiji hayana ugomvi na mimi. Ugomvi ni wa waya. Transfoma iko kule barabarani kwenye lami, na waya kabla haujafika kwangu umeshapita kwa mashine ya kusaga, saluni mbili, muuza samaki mwenye majokofu matatu, na jamaa anayechomelea mageti. Kila mmoja anachota, sisi wa nguzo ya mwisho tunakung'uta ndoo. Yule wa mageti akigusisha tu chuma, taa yangu inakonyeza. Kwa mikonyezo hiyo naweza kukwambia amefika bawaba ya ngapi.

Basi nikamleta mlinzi. Kwenye boksi lake wameandika kwamba chini ya volti 185 hapitishi, juu ya 260 hapitishi, na umeme ukirudi anangoja dakika 3 ndipo aruhusu, ili gesi ndani ya kompresa itulie. Safi kabisa. Shida ni kwamba mlinzi huyu hapokei rushwa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, nyekundu. Saa mbili, nyekundu. Mama Nasra anauza barafu za ukwaju, anafungua friji asubuhi anakuta vimfuko vimelala kama vilivyolala jana, uji mtupu.

"Baba Nasra, hiki kidude umekinunua kilinde friji au kilinde umeme usitumike?"

Sikujibu. Na kwenye mchango wa Luku, nyumba nzima tunatumia moja, mwenye friji anaongeza elfu kumi kila mwezi. Nalipia kabati lenye mlango mzito.

Halafu kuna Baba Shabani wa chumba cha pili. Yeye kanunua stabilaiza, zito kama tofali la inchi sita, inapokea 160 inatoa 220, anatamba nayo uani utadhani kajenga mtambo. Ila umeme wa kuongezea haushushwi na malaika. Ile mashine inavuta zaidi kutoka waya ule ule tunaogombania. Nikisikia tu ukutani kacha-kacha-kacha, najua jirani kapandisha wake, na wangu ndiyo unashuka. Anakunywa maji baridi, mimi namsikiliza akimeza.

Sasa nimegundua siri. Saa tisa usiku mashine ya kusaga imelala, saluni zimelala, fundi wa mageti anakoroma. Umeme unapanda wenyewe, 215, 220, mtamu. Juzi nikaamka kwenda msalani, narudi nakuta taa ya njano. Nikakaa kitako sakafuni, dakika 3, kama nasubiri matokeo ya mtihani. Kijani! Friji likaanza kunguruma taratibu, mngurumo wa afya. Nikamwamsha mwenzangu.

"Mama Nasra, umeme umekuja mzuri."

Akaruka kitandani. Kwa kuwa umeme ni mzuri, akachomeka jagi la chai ya asubuhi. Mimi nikachukua pasi, nikaanza sare ya Nasra. Nimefika kwenye kola, nasikia ng'ambo ya ukuta blenda inasaga nazi. Chumba cha mwisho nao pasi, harufu ya nguo za moto inapita chini ya mlango. Uani mtu kawasha pampu ya kisima. Baba Shabani naye, kacha-kacha-kacha.

Nikageuka kumtazama mlinzi wangu. Nyekundu.